Mwaka Tuliokula Minofu

Nimezaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, katika nyumba ya mvuvi wa sangara, na hadi mwaka 1999 nilikuwa sijui mnofu wa sangara una ladha gani. Watu wa mbali na ziwa nikiwaambia hivi wanadhani natia chumvi. Waliokulia mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, hawashangai. Samaki anayelipwa kwa kilo hafiki jikoni. Sisi ugali wetu wa muhogo tulikuwa tunaulia dagaa, furu wakipatikana, au kichwa cha sangara aliyewahi kuharibika kabla boti la barafu halijafika. Sato alikuwa wa wageni.

Bibi mzaa baba ndiye pekee ambaye hakuona hasara. Yeye alikuwa akilikumbuka ziwa la ningu na furu wa kila namna, kabla sangara hajapandikizwa na kuanza kuwatafuna wenzake. Alikuwa akisema samaki anayejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe si wa kuaminiwa.

Baba alihamia kwenye sangara mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza. Wakala wa kiwanda alimkopesha makila, nyavu za kutegea sangara, na petroli ya inji; naye baba akawa hana ruhusa ya kumuuzia mtu mwingine samaki wake, na bei anapanga wakala. Mwaloni walimwita tajiri, maana alikuwa na mitumbwi miwili na watu wa kuivua. Nimekua ndipo nikaelewa kwamba tajiri wetu alikuwa na deni kubwa kuliko kibarua wake yeyote.

Mwaka huo wa 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu ya sumu. Walikuwepo watu waliokuwa wakivua kwa kumwaga dawa ya wadudu majini, ile ile ya kupulizia mashambani. Redio ilipotangaza, mwaloni kwetu hakuna aliyeshtuka sana. Mwaka uliotangulia ilikuwa kipindupindu; Ulaya ilikataa samaki, boti zikasimama, baadaye zikarudi. Jioni baba na vijana wake wakapakia nyavu, wakaenda zao.

Sijui ziwa lilikuwa na kisa gani na sisi, maana asubuhi yake mitumbwi yote ilirudi imelala kwa uzito. Sangara walipangwa chini ya mkuyu, juu ya majani mabichi, wengine wakubwa kunizidi. Boti lilitokea jua likiwa limeshapanda. Wazoefu walijua kabla halijafunga kamba: lilikuwa limeelea juu mno. Halikuwa na barafu.

Wakala hakushuka. Alisimama pale mbele ya boti na viatu vyake, akasema, "Wazee wangu, kiwanda kimesimamisha. Nikiuchukua huu mzigo nitaupeleka wapi?"

Mtu akapiga kelele achukue hata kwa nusu bei. Akasema hata bure hachukui. Kisha akatoa daftari la madeni, hilo hakulisahau, akaanza kuwakumbusha watu mmoja mmoja wanadaiwa nini.

Baba alimsogelea hadi maji yakamfika magotini. "Sisi tunatega makila," alimwambia. "Sumu tumeitolea wapi?" Alikuwa anamuuliza kijana wa watu kana kwamba yeye ndiye Ulaya. Yule kijana akaangalia daftari lake.

Baada ya boti kuondoka, wengine walianza kugawa samaki, wengine walikaa tu. Sangara akipigwa na jua hana subira; ikifika alasiri unamnusa ukiwa njiani. Mama alikuja mwaloni na kanga ameifunga kiunoni. Kazi yake ilikuwa mandazi asubuhi na kukausha mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, basi. Samaki walikuwa mambo ya baba. Siku hiyo hakumuuliza.

"Baba watoto, hawa wasigawiwe," alisema. Akanigeukia: "Wewe kimbia kwa kijumbe, mwambie namfuata."

Kijumbe ndiye aliyekuwa anashika fedha za upatu wa akina mama, na zamu ya kupokea ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa, aliyekuwa anasubiri mabati. Nilikaa kwenye kizingiti nikisikia wakibishana. Yule wa mabati hakulia wala hakukataa. Aliuliza tu samaki ni wangapi, akasema fedha achukue, ila nusu ya samaki ni wake. Walikubaliana hapo hapo. Duka la kijijini likamalizwa chumvi yote ya mawe, kisha kaka yangu akatumwa kijiji cha pili kwa baiskeli.

Nahodha wa baba akaja na swali lake, na lilikuwa swali halali, kwa sababu vijana wanalipwa baada ya mauzo. "Shemeji, kama hakuna mauzo, sisi tutakula nini?"

"Mtapasua," mama alimjibu. "Na jioni mtakula hao hao."

Walipasua hadi karabai ikawashwa. Samaki wa kayabo, yaani wa kukausha kwa chumvi, hapasuliwi tumboni. Kisu kinapita mgongoni, kutoka kichwani kwenda mkiani, anafunguliwa kama kitabu. Unatoa matumbo na mashavu, unaosha, unachanja mnofu, chumvi inasuguliwa mpaka ndani. Hatukuwa na pipa wala karo. Mama alitandika turubai ndani ya mtumbwi mkongwe uliokuwa umetupwa ufukweni kwa kuvuja, tukapanga samaki humo, safu ya samaki, safu ya chumvi. Mimi vidole vilikuwa vimechanwa na mapezi, na chumvi ilipoingia nililala mikono nimeinyoosha juu.

Lakini kabla ya kulala tulikula. Mama alikata vipande vya tumboni, vinene, akavikaanga bila kutia mafuta. Mdogo wangu alitafuna, akatema kidogo kiganjani, akauliza mifupa iko wapi. Hakuna aliyemcheka, maana sote tulikuwa tunaitafuta. Bibi alikula kipande chake, akaomba kingine, eti aone kama chumvi imekolea.

Miezi iliyofuata ilikuwa hivyo. Sangara walikuwepo, bei haikuwepo, nasi tulikula kama watoto wa bwana shauri. Tulinenepa, baba alikonda. Vijana wawili waliacha makasia wakaenda machimboni Geita. Nimesoma maandiko kadhaa kuhusu marufuku ile, na yote yanahesabu fedha za kigeni zilizopotea. Ni kweli zilipotea, na baba alizipoteza sehemu yake. Sijakuta bado mwandishi aliyeuliza watu wa mwaloni walikula nini.

Wakati wa likizo mama alinichukua kwenye meli kutoka Nansio hadi Mwanza, na mizigo yetu, mpaka mwaloni Kirumba. Wanunuzi wa kayabo walikuwa Wakongomani. Mmoja aliinua samaki wetu, akamkunja, akamnusa. "Mama, iko muzuri," alisema, "lakini iko na maji mingi." Akataja bei ya kutuumiza. Mama hakubishana. Alitembea soko zima akikunja samaki wa wenzake, akiuliza wamelaza kwenye chumvi siku ngapi na vichanja vyao vina urefu gani. Mzigo wa pili Mkongomani yule yule aliuchukua wote, na yule mwenzake akaezeka mabati.

Ulaya walifungua tena mlango kwa Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2000. Boti lilirudi na barafu, watoto wakaiba vipande vya kunyonya, wakala akashuka safari hii na kumpa kila mtu mkono. Daftari lilikuwa kwapani. Walipima samaki wa baba wote, wakabaki sangara wanne wakubwa waliokuwa wamefunikwa gunia pembeni.

"Tajiri, hawa mbona hawajapimwa?"

"Hao si wangu," baba alisema. "Kaongee na mama watoto."

Wakala alimfuata mama kwenye vichanja vyake. Mama akamtajia bei ya Kirumba. Kijana alicheka, akadhani ni utani, akataja ya kwake. Mama aliendelea kugeuza kayabo. Akaongeza kidogo, akaongeza tena, mwishoni akatazama jua na barafu iliyokuwa inayeyuka, akarudi kwenye boti bila wale wanne.