Saa yangu inapiga picha ila kioo cheusi: nilivyohangaika mpaka ikakubali

Kwanza niseme mimi sio mtu wa teknolojia, mimi nauza magauni ya vitenge mtandaoni na modo wa hayo magauni ni mimi mwenyewe kwa sababu modo wa kulipa simuwezi. Mpigapicha wangu alikuwa mdogo wangu wa mwisho, nilikuwa namlipa chipsi mayai, sasa kaenda bodingi nikabaki na stendi ya simu na ukuta wa uani hapa Tabata. Ukitumia kamera ya mbele unajiona vizuri lakini kitenge kinatoka kama kimefuliwa mara mia, rangi hamna, ukitumia ya nyuma rangi zinatoka safi ila hujioni, unaweka taima ya sekunde 10 unakimbia kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Siku moja nilipiga picha 40, nikihesabu 31 hazina kichwa.

Ndo mtu akaniambia nunua smatiwochi, unaivaa mkononi, simu inakaa kwenye stendi, kwenye saa unajiona unavyotokea alafu unabonyeza. Nikasema hii ndo yenyewe.

Nikaenda Kariakoo, sitasema duka gani, nikanunua saa ya 35,000 kubwa kama biskuti, ina kila kitu mapigo ya moyo, hatua, hali ya hewa, na kwenye boksi pana picha ya saa inayoonesha mdada anacheka kwenye kioo. Nikamuuliza kijana, hii inaonesha kamera ya simu? Akasema dada hii inafanya kila kitu. Kufika nyumbani nikaskani kile kimraba cha QR kwenye boksi, apu ikashuka, nikakonekti, nikagusa alama ya kamera kwenye saa. Kioo kikawa cheusi, katikati pana kialama cha kamera basi. Nikigusa, simu kule kwenye stendi inalia kachaa, picha imepigwa. Ila mimi kujiona hamna.

Siku tatu nilihangaika na hiyo saa jamani. Nimezima nikawasha, nimeifuta kwenye blutuuthi nikaanza upya, nimetoa apu nikarudisha, nimeipa ruhusa zote mpaka za majina ya simu ambazo sielewi saa inataka majina ya watu ya nini. Bado nyeusi. Mwisho nikapanda daladala nikarudi Kariakoo, sio kwa yule kijana, kwa fundi mmoja anayekaa na meza yake karibu na mtaa wa Aggrey, mtu mzima hivi ana miwani ya kukuzia. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "inataka kuflashiwa, yaani kuwekewa programu upya, leta 20,000". Akaishika dakika moja tu akanirudishia.

"Dada yangu, hii haijaharibika. Hii haina macho, ina kidole tu."

Nikamwambia fundi sijakuelewa. Akachukua simu yangu akafungua kamera ya kawaida, akabonyeza kitufe cha kuongezea sauti, picha ikapigwa. Akasema umeona? Simu nyingi ukiwa kwenye kamera kitufe cha sauti kinapiga picha. Saa yako inachofanya ni kama hicho, inatuma amri moja tu kwa blutuuthi, "piga", imeisha. Picha yenyewe haiji kwenye saa, haijawahi kuja na haitakuja hata ukiifungua ukaifunga mara ngapi.

Na alinieleza kwa nini, nikaja kusoma zaidi nikaona ni kweli. Saa nyingi za bei hiyo na mikanda mingi ya mazoezi zinaongea na simu kwa ile blutuuthi ya kula chaji kidogo, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo vidogo, umetembea hatua ngapi, nani anapiga, meseji imeingia. Kuonesha kamera ni kazi nyingine kabisa. Chukulia kapicha kadogo ka kilobaiti 10, sasa ili kionekane kinatembea unahitaji labda 15 kila sekunde, hapo tayari ni kilobaiti 150 kwa sekunde, sawa na megabiti 1.2 maana baiti moja ni biti nane. Blutuuthi hiyo ya toleo la 4 kwenye makaratasi inatembea megabiti 1 kwa sekunde na ikiwa kazini inashuka chini ya hapo. Alafu prosesa, yaani ubongo wa saa yenyewe, ni ya kuonesha namba na vikatuni, haina nguvu ya kufungua picha 15 kila sekunde. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia "setingi za siri" za kufanya saa ya aina hiyo ioneshe kamera, mtu huyo anataka hela yako.

Fundi hakunidai kitu. Nilimnunulia soda.

Kwa hiyo kama na wewe unahangaika, kabla hujagusa setingi yoyote jiulize kwanza, saa yangu ina macho au ina kidole tu? Apple Watch ina macho, ina apu ya kamera inayokuonesha kile iPhone inachoona, unageuza kile kirungu cha pembeni kuvuta karibu, ina taima ya sekunde 3, lakini lazima simu iwe iPhone na usiende mbali, Apple wenyewe wanasema kama mita 10. Samsung Galaxy Watch nazo zina macho, apu yao inaitwa Camera Controller, ila inataka simu nayo iwe Samsung. Pixel Watch ya Google vilevile na simu ya Pixel. Mikanda mingi ya mazoezi ya Xiaomi na Huawei yenye kitufe cha kamera, hiyo ni kidole. Na hizi kopi za 30,000 na 40,000 ni kidole hata kama kwenye boksi kuna mdada anacheka, yule mdada kabandikwa.

Ukiwa dukani fanya hivi, usikubali kuoneshwa picha imetulia. Mwambie muuzaji akonekti na simu, aelekeze kamera kwenye feni ya dukani. Feni ikizunguka kwenye saa, lipa. Isipozunguka rudisha hela yako kwenye pochi uende zako.

Sasa sehemu ya pili ya mateso. Shemeji yangu yuko Mwanza alikuwa na Galaxy Watch4 yake ya zamani, amenunua nyingine, akaniuzia kwa bei ya undugu akanitumia na basi. Hii ni ya 2021 na inatumia Wear OS, mfumo wa saa wa Google, kwa hiyo inakubali simu za Android za kampuni nyingine pia, iPhone ndo haikubali. Mimi simu yangu sio Samsung. Ile Camera Controller nikajua fika kwamba haitanifaa, nikampigia.

"Shem, sasa hii nimenunua pambo?"

"Hapana shem, ingia Play Store tafuta apu ya watu wengine ya kuendeshea kamera kwa saa, weka kwenye simu, na kwenye saa pia uiweke."

Hilo neno "na kwenye saa pia" nililipuuza nikapoteza jioni nzima. Hizi apu zinakuwa na vipande viwili, kimoja cha simu na kingine cha saa, na kile cha saa mara nyingi hakiji chenyewe, unafungua Play Store ya kwenye saa yenyewe unakitafuta kwa vidole vyako na kibodi ya ukubwa wa punje ya mchele. Ukiweka upande mmoja tu utaangalia kiduara kinazunguka mpaka jua lizame.

Nikaweka pande zote. Nikagusa. Nikajiona! Niko pale kwenye saa na kilemba changu nimesimama mbele ya ukuta, nikapiga kelele jirani akachungulia. Nikaenda kurekebisha stendi, nikarudi mahali pangu, nikaangalia saa, nyeusi. Nikarudi kwenye simu, nikarudi ukutani, inaonekana sekunde mbili, nyeusi tena. Jioni nzima hivyo na mwanga mzuri wa saa kumi na moja unaniacha.

Kosa lilikuwa langu na nikikwambia utacheka. Mimi kila nikienda kwenye simu nilikuwa naifungua kamera ya simu, ile ya kawaida, kwa akili yangu nikijua si tunataka kamera, basi lazima kamera iwe imefunguliwa. Kumbe ndo nilikuwa naiua. Kamera ya simu haigawanywi ovyo, apu ya kamera ya kawaida ikifunguka mbele inainyang'anya ile apu ya saa, na tena kuanzia Android 9 apu ikishaondoka kwenye kioo hairuhusiwi kuendelea kutumia kamera, hiyo ni kwa ajili ya usalama watu wasichunguliwe kimya kimya. Kwa hiyo inayotakiwa kuwa wazi mbele kwenye simu ni ile apu yenyewe iliyounganishwa na saa, unaifungua, unaiacha hapo hapo, unaondoka bila kugusa kitu kingine. Kwa wenye Camera Controller au Apple Watch ni kinyume kidogo, kule kamera ya kawaida ndo inayotumika, ukigusa apu kwenye saa, kamera inafunguka yenyewe kwenye simu.

Nilipolijua hilo ikabaki midogo midogo, ila nayo inasumbua. Simu yangu ilikuwa inazima kioo baada ya sekunde 30, kioo kikizima kamera nayo inaondoka, saa inakuwa nyeusi. Nikaongeza mpaka dakika 10. Kiokoa betri nikakizima wakati wa kupiga picha, na ile apu nikaitoa kwenye orodha ya zinazobanwa betri, maana simu nyingi za Android tunazouziwa huku zina tabia ya kuua kila kitu kisichokuwa WhatsApp. Na ruhusa, ukiwa na Android 12 kwenda juu kuna ruhusa inaitwa vifaa vilivyo karibu, apu ikiiomba usipoipa inaweza kushindwa kuongea na saa hata kama kamera umeiruhusu.

WhatsApp yenyewe siku moja ilinikata katikati, shangazi kapiga video, nikapokea kwa kujisahau, kamera ikahamia kwa shangazi. Siku hizi naweka simu kwenye "usinisumbue" kwanza.

Kuna rafiki yangu wa saluni naye saa yake iligoma wiki nzima. Huyu kwake kitu kilikuwa kidogo mpaka aibu, kwenye vile vitufe vya kushusha kwa kidole juu ya kioo kuna kimoja cha kuzuia kamera, kilianza na Android 12, mtoto alikibonyeza. Simu ilikuwa inamwandikia kabisa kwamba kamera imezuiwa, lakini simu iko kwenye stendi imempa mgongo, ataona wapi? Kwa hiyo kabla ya yote nenda nyuma ya stendi uangalie simu inasema nini.

Na umbali. Uani kwangu mita nne tano inaenda vizuri, nikiuweka mkono wenye saa nyuma ya mgongo ndo picha inaanza kukwamakwama. Blutuuthi inatumia mawimbi ya 2.4 GHz ambayo maji yanayameza, na mwili wa mtu umejaa maji, kwa hiyo wewe mwenyewe ni ukuta. Wifi nyingi nazo ziko kwenye mawimbi hayo hayo. Pia usitegemee ikuoneshe papo hapo, inachelewa kidogo, ukigeuza shingo saa inaigeuza baadae, kwa hiyo kaa kwenye pozi, subiri saa ikufikie, ndo ubonyeze. Na weka taima ya sekunde 3, la sivyo kila picha utatoka unaangalia mkono kama mtu anayesubiri basi.

Sasa hivi nikipiga picha 40 vichwa viko 40. Ile saa ya biskuti nimempa mama anaangalia saa na anahesabu hatua za kwenda sokoni, ameipenda kuliko mimi.

Jana nimeposti gauni jipya, kitenge cha bluu na njano, nimesimama upande, mkono kiunoni, mwanga umekaa. Ndani ya saa moja meseji sita. Nne zinauliza hiyo saa bei gani. Gauni bado lipo, saizi 14.