Mama yuko kwenye mashine ya figo, na Mungu amenipa amani humo humo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naona siku hizi watu wengi wanalalamika hawalali, moyo unaenda mbio, mawazo hayaishi, nikasema ngoja na mimi niandike yangu huenda ikamfaa mtu.

Mama yangu figo zilifeli kwa ajili ya presha ya miaka mingi. Kama hujawahi kuuguza mgonjwa wa figo nikueleze kidogo, mgonjwa anachomwa sindano mbili mkononi, damu inatoka kwa mrija mmoja inapita kwenye chujio la mashine inarudi kwa mrija mwingine, inachukua kama masaa manne, na kwa kawaida inatakiwa mara tatu kila wiki, iwe sikukuu isiwe sikukuu lazima uende. Maji ya kunywa anapimiwa. Ndizi, parachichi, maji ya dafu ambayo mama anayapenda mno, vyote kwa tahadhari maana vina potasiamu nyingi na figo mbovu haiwezi kuitoa, ikizidi mwilini moyo unaweza ukasimama. Nesi alivyotuelezea hilo la moyo kusimama, usingizi ndo ukaondoka kwangu siku hiyo hiyo.

Saa tisa usiku macho makavu, nasikilizia mama anavyopumua chumba cha pili, akikohoa tu nishafika mlangoni. Kazini simu ikiita tumbo linakata kabla hata sijaangalia ni nani. Ikafika hatua kifua kinabana na vidole vinakufa ganzi, nikaenda kupima, dokta akaangalia moyo akasema mzima kabisa, huu ni wasiwasi, akanifundisha kupumua taratibu na akaniambia nipunguze kahawa. Nilifuata yote na ilinisaidia, kwa hiyo tafadhali ndugu yangu usiache kwenda hospitali eti kwa sababu unaomba, Luka mwenyewe Biblia inamwita tabibu mpendwa.

Sasa kwenye meseji kila mtu alikuwa ananitumia Wafilipi 4:6, "Msijisumbue kwa neno lolote". Nilikuwa nausoma halafu moyo unazidi kuwa mzito, najiuliza nisijisumbueje na mama yuko hivi? Usiku mmoja nikaamua nisome barua yote kuanzia mwanzo, ni sura nne tu, haichukui muda. Na hapo ndipo Mungu aliponikuta jamani. Kwanza Paulo, anayeandika humo furahini, yuko kwenye vifungo, na anawaandikia watu wa Filipi, mji ule ule ambao alichapwa bakora yeye na mwenzake Sila wakafungwa miguu kwenye mkatale. Halafu sura ya pili kuna habari ya Epafrodito, ndugu aliyetumwa kumhudumia Paulo, akaugua karibu kufa. Paulo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na akanihurumia na mimi, nisipate huzuni juu ya huzuni. Yani Paulo huyu huyu! Aliuguliwa na mtu wake, akaogopa kumpoteza, na kwenye barua hiyo hiyo anaandika furahini katika Bwana siku zote. Nililia sana usiku ule na kilikuwa kilio kizuri, maana nilijua huu mstari umeandikwa na mtu anayeijua hofu yangu.

Basi nikaanza kuufanyia kazi kama ulivyo. Unasema haja zijulishwe Mungu, nikawa namtajia kimoja kimoja tena kwa sauti ya kawaida tu. Baba, hela ya wiki ijayo haijatimia. Baba, ule mshipa wa mkononi usizibe. Baba, naogopa kuamka asubuhi nimkute mama amekufa. Hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu kuitoa mdomoni, ila nilipoitoa nikasikia kifua kinalegea, na ikawa hivyo usiku mwingine na mwingine. Halafu mstari unasema pamoja na kushukuru, na hapa nawasihi msiparuke, shukrani ndo ilinirudishia furaha. Sindano imeingia mara moja leo, asante. Presha haijashuka kupita kiasi akiwa kwenye mashine, asante. Jirani amepita kumsalimia mama wakacheka mpaka jioni, asante Yesu.

Kuna siku lakini hata maneno hayakuja. Ibada ya jumuiya nilikaa kama gogo, mzee mmoja wa kanisa akanishika bega akasema, mwanangu wewe leo pumzika, sisi tutakuombea. Wakaomba, wengine wanalia, mimi kimya. Tangu hapo ile habari ya Marko 2, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne mpaka wakatoboa dari, naisoma kwa macho mengine, maana imeandikwa Yesu alipoiona imani yao. Yao! Waliombeba wamo. Kama huna nguvu ya kuomba usijifiche, mwambie hata mtu mmoja akubebe.

Na mama sasa, huyo ndiye amenifundisha furaha kuliko mahubiri yoyote. Akiwa kwenye mashine anajifunika kanga mpaka kifuani, mkono wenye sindano ameunyoosha hausogezi, anaanzisha pambio kwa sauti ya chini. Kitanda cha jirani kuna bibi mmoja Muislamu, yeye hufumba macho na tukimaliza kuomba anaitikia amina kwa nguvu kuliko sisi wote, na akitoka humwambia mama, haya dada, Mungu akipenda keshokutwa hapa hapa. Chumba kile ni cha wagonjwa watupu ila nimecheka humo mpaka machozi.

Mama bado yuko kwenye mashine, hilo niseme wazi, na naendelea kumwomba Mungu uponyaji bila kuchoka. Wasiwasi nao bado unapiga hodi, hasa wiki ambayo hela imechelewa. Ila sasa nalala. Simu ikiita napokea. Na nikiamka saa tisa najua cha kufanya, naongea na Baba yangu mpaka usingizi urudi, usiporudi naendelea tu kuongea naye.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwetu. Mama tangu jana anaulizia maandazi yatatosha watu wote au tuongeze unga, na ameshaniambia pambio la kwanza anaanzisha yeye.