Kipeuo cha pili cha 7 kwa kalamu na karatasi

Nilitaka sehemu fupi inayokaribia √7, niipate kwa mkono bila kikokotoo. Kilichonifikisha ni sehemu mfululizo, yaani namba nzima kujumlisha sehemu ambayo chini yake kuna namba nzima na sehemu nyingine, hivyo hivyo kuendelea, pamoja na sharti moja nililojiwekea: nisiandike desimali yoyote mpaka mwisho. Alama ya √7 ibaki ilivyo.

Kazi yenyewe ni kuondoa namba nzima, kupindua kinachobaki, kisha kurudia. √7 iko kati ya 2 na 3, basi nikaondoa 2. Kilichobaki nikakipindua: 1/(√7 − 2). Ukizidisha juu na chini kwa √7 + 2, chini panakuwa 7 − 4, na unapata (√7 + 2)/3. Hiyo ni 1 na ushei. Ondoa 1, pindua: (√7 + 1)/2, nayo ni 1 na ushei. Halafu (√7 + 1)/3, 1 tena. Hatua iliyofuata ikaniletea √7 + 2 tupu, yaani 4 na ushei. Ukiondoa 4 kinabaki √7 − 2, kilekile nilichokipindua mwanzo! Furaha niliyoipata hapo bado ninayo. Hakuna hesabu mpya tena: 1, 1, 1, 4 zitajirudia bila kikomo. Ningekuwa nakata desimali njiani, ningeona dalili za mzunguko tu, si uhakika wake.

Kujenga sehemu ni kwepesi. Unaanza na 2/1, ile namba nzima ya kwanza, na 3/1, yaani 2 + 1/1 kwa ile 1 ya kwanza ya mzunguko. Kisha sehemu ya mwisho unaizidisha juu na chini kwa namba iliyo zamu, na kujumlisha iliyoitangulia, juu kwa juu, chini kwa chini: 5/2, 8/3, halafu zamu ya 4 inatoa 37/14, kwa kuwa 4 × 8 + 5 ni 37 na 4 × 3 + 2 ni 14. Zinafuata 45/17, 82/31, 127/48. Moja huwa chini ya √7, inayofuata juu yake, kwa hiyo jibu linazidi kubanwa.

127/48 ni 2.64583, √7 ni 2.64575. Lakini mimi napenda zaidi kuhakiki kwa namba nzima: 127² ni 16129, na 7 × 48² ni 16128.

Baadaye nikaishika √19. Mzunguko wake ni 2, 1, 3, 1, 2, 8, na nilipoiona 8 nikajua umefunga, maana namba inayofunga mzunguko daima ni mara mbili ya ile namba nzima ya kwanza, hapa 4. Sehemu yake ni 170/39: 170² ni 28900, na 19 × 39² ni 28899.