Shilingi 20 za Jane

Jana usiku tuliangalia Jane Eyre, ile filamu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Cary Fukunaga. Tulikuwa watatu: mimi, niliyeisoma riwaya mpaka jalada likabanduka, binti yangu, ambaye hajawahi kuifungua, na mama mdogo, aliyekaa na bakuli lake la njugu akisema anatusindikiza tu.

Charlotte Brontë, alipotoa kitabu mwaka 1847, alianza na mtoto yatima aliyejificha nyuma ya pazia akisoma. Filamu inaanza Jane keshakuwa mtu mzima na anakimbia. Anatoka peke yake kwenye jumba kubwa, anashika nyika, anafika njiapanda, analia. Miaka yote nimekuwa nikiona mwongozaji kavuruga hadithi. Jana niliwatazama wenzangu badala ya kutazama runinga, nikabadili mawazo. Hawakujua anamkimbia nani, na hawakuhitaji kujua. Mama mdogo aliacha kumenya, njugu moja imebaki katikati ya vidole.

"Katoka mikono mitupu," akasema.

Nikamsimulia ya kitabuni. Jane alisimamisha gari la farasi, akaulizia nauli, akaambiwa shilingi 30. Alikuwa na 20. Dereva akampakia kwa hizo hizo, akamfikisha pale zilipoishia, akamshusha. Kifurushi chake akakisahau garini.

Mama mdogo akaitikia polepole, "Hapo napajua." Najua anapajua. Siku alipoondoka kwa mume wake wa kwanza alifika kwetu na kanga mbili na tiketi ya basi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka jinsi alivyokaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke.

Binti yeye alitekwa na Rochester, mwenye lile jumba kubwa, ambaye Jane anaajiriwa kwake. Bwana huyo anamuuliza Jane kama anamwona mzuri wa sura, Jane anajibu hapana, na binti akapiga kelele, "Muongo!" Ana haki. Michael Fassbender ni mzuri mno kwa nafasi ile; Rochester wa kitabuni hana sura ya kusifiwa, na jibu la Jane ni ukweli mtupu, ndiyo maana linamshtua bwana mkubwa aliyezoea kuogopwa. Kwa Mia Wasikowska, anayeigiza Jane, sina neno. Uso wake umetulia, lakini unaona kila kitu kinavyopita chini yake, hasa vile vyumba vinapomulikwa na mishumaa.

Kilichoniuma ni Helen Burns. Rafiki wa kwanza wa Jane katika shule ya bweni, anayekufa kwa kifua kikuu wamelala kitanda kimoja, amepewa dakika chache tu. Dada wawili wa Charlotte, Maria na Elizabeth, walifariki mwaka 1825 baada ya kuugulia shule ya bweni kama ile. Mtu aliyeyaandika hayo alikuwa anazika dada zake upya. Nilitaka filamu isimame pale.

Kisha ikaja harusi ya Jane na Rochester. Mtu anasimama kanisani na kusema bwana harusi ana mke hai. Wanapanda ghorofani, mlango unafunguliwa, na huyo mke yumo. Kitabuni anatambaa kama mnyama. Kwenye filamu ni mwanamke kijana, nywele zimemwagika, na tunamwona kwa muda mfupi sana.

"Mke mkubwa kafungiwa darini," mama mdogo akasema, "halafu mdogo anapelekwa kanisani." Hakusema kwa hasira. Binti akajaribu kumtetea Rochester, kwamba mke alikuwa mgonjwa, kwamba alidanganywa na wazazi. Mama mdogo akauliza, "Na mali yake je, nani aliichukua?"

Nikanyamaza, kwa sababu jibu limo kitabuni na mimi nilikuwa nimelipita mara zote: baba wa Rochester alimwoza mwanawe kwa sababu ya pauni 30,000 za mke huyo. Nilipowaambia, binti aliweka simu chini. Filamu ikaendelea, Jane akarudi kwa Rochester aliyepofuka, binti akalia vizuri tu, na mimi nikalia kama kawaida yangu.

Tulipozima taa mama mdogo alikuwa bado anaokota maganda kwenye mkeka.

"Yule wa darini anaitwa nani?"

"Bertha."

"Kwao wapi?"

"Jamaica."

Akasimama na bakuli lake. "Mbali hivyo," akasema, "na hakuwa hata na nauli ya kurudi."