Injini ya Jeep ya babu niliifungua na kuifunga mwenyewe, wala sikuweka ya Toyota

Kila fundi niliyempelekea hii Jeep alianza na maneno yale yale, toa hiyo injini weka ya Toyota. Mmoja akasema 3Y ya Hiace, mwingine akasema 3S ya Noah, na kuna mmoja hata boneti hakuinua, akaanza kupiga hesabu za kuchomelea maunting za kukalishia injini. Hiyo injini ya mtumba tu walikuwa wananitajia milioni na nusu, wengine zaidi, bado gia boksi, bado kukata fremu, bado na fundi wa umeme. Mpaka leo ushauri ule unanikera, maana hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Injini ukiipiga hendeli kwa mkono ikazunguka haijafa, imechoka.

Gari lenyewe ni Willys CJ-3A, mfano uliotengenezwa kuanzia 1949 mpaka 1953. Babu alilinunua kwenye shamba moja la mkonge huku Muheza walipokuwa wanauza magari yao ya zamani, akawa anabebea machungwa mpaka macho yalipoanza kumsumbua, likaegeshwa. Injini yake ni ile ile iliyokuwa kwenye Jeep za vita ya pili, silinda nne, lita 2.2, farasi 60, Wamarekani waliipa jina la Go Devil. Ilianzia kwenye injini ya Willys ya farasi 48, mhandisi wao Barney Roos ndiye aliyeifanyia kazi mpaka ikafika hapo. Ni injini ya hedi bapa. Valvu hazikai kwenye hedi kama magari ya siku hizi, zimesimama ndani ya bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, pembeni mwa silinda zikitazama juu, na hedi yenyewe ni kifuniko cha chuma chenye plagi na njia za maji basi. Hamna roka, hamna fimbo ndefu za kusukuma valvu, na kuelewa ni injini rahisi sana kuliko hizo walizotaka kunibadilishia.

Dalili zilikuwa moshi wa bluu, maji kuchemka kilima kidogo tu, na silinda ya pili na ya tatu hazina pumzi kabisa, yaani hazibani hewa, wakati ya kwanza na ya nne zina pumzi nzuri. Silinda mbili zinazopakana zikikosa pumzi kwa pamoja, ishuku gasketi kwanza, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua pale katikati.

Kushusha injini sielezi, ni nati na mnyororo. Ila nilifungua hedi kabla ya kushusha, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nati zote zimetoka vizuri, hedi haisogei. Studi, zile bolti zilizosimama kwenye bloku, zinapita ndani ya hedi na kutu ya miaka imejaa kwenye matundu, yaani hedi imeshikwa na kila studi peke yake. Kijana niliyemwita anisaidie akachukua patasi na nyundo, akaanza kuichomeka katikati ya hedi na bloku. Nikamwambia ndugu yangu acha, hapo ndipo gasketi inapokaa, ukitia alama tumekwisha. Akasema hedi zote wanafungua hivyo. Nikamlipa siku yake akaenda, na nashukuru patasi ilikuwa imegusa pembeni tu kwa nje.

Nikawa kila jioni namimina dizeli niliyochanganya na hydroliki ya gia boksi kwenye kila studi, nagonga hedi kwa nyundo ya mbao pembeni, asubuhi naangalia. Hamna kitu. Nikaja kumuelezea mzee mmoja aliyekuwa dereva wa shamba la mkonge enzi hizo, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, hedi hiyo usiivute. Iache injini iisukume yenyewe."

Sikiliza alivyonielekeza, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaga maji yote ya rejeta na ya bloku. Rudisha nati zote lakini ziache wazi, kila moja iwe juu ya hedi kwa nyuzi mbili tatu hivi. Plagi zote zikae na zikazwe. Chomoa waya wa koili isije ikawaka. Halafu piga starta. Pumzi inayobanwa ndani ya silinda haina pa kwenda, itasukuma hedi juu, na zile nati ulizoacha wazi zitazuia isiruke.

Starta ya gari hili ni volti 6 na ilikuwa inazunguka kivivu, kwa hiyo nikachomoa umeme mwingine wote nikaipa betri ya volti 12 moja kwa moja, sekunde mbili tatu tu kisha unaipumzisha, hapo ikazunguka kweli. Sasa ona utamu wake. Silinda mbili za kati hazina pumzi, zimebaki ya kwanza na ya nne. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo krenki ikizunguka mara moja inabana ya mbele, ikizunguka tena inabana ya nyuma. Hedi ikawa inainuliwa mbele, inainuliwa nyuma, mbele, nyuma. Mwanzoni sikuona kitu, nikasikia upepo unalia ssss kwenye kona ya mbele na dizeli inatoa mapovu pembeni mwa gasketi. Nikaongeza dizeli, nikapiga tena. Upande wa nyuma nao ukaanza kulia. Halafu ukatoka mlio mmoja mzito, paf, nikashika hedi kwa mikono nikaona inacheza! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ule ubovu wa silinda mbili za kati uliokuwa unanisumbua barabarani ndio ulionisaidia kuitingisha.

Gasketi ilikuwa imeungua palepale kati ya pili na tatu, imeliwa upana wa kidole. Kijana mmoja wa gereji ya jirani alikuja kuangalia akauliza valvu ziko wapi, nikamwonyesha ziko hapo mbele yake zimekaa kwenye bloku. Alikaa na mimi mchana kutwa, na tangu siku hiyo akawa ndiye msaidizi wangu, kijana makini sana.

Kabla ya kutumia shilingi nyingine tazama nyufa. Injini za hedi bapa hupasuka kati ya kiti cha valvu na silinda kwa sababu moto wa ekzosi unapita humo humo ndani ya bloku. Huna haja ya mashine. Safisha kabisa, paka mafuta ya taa uyaache yaingie, kausha kwa kitambaa safi, halafu sugua chaki nyeupe ya shule juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yanarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Yangu ilibaki nyeupe. Ingechora mstari pale ningewaelewa kidogo wale wa Toyota.

Valvu sasa. Springi zinatolewa kwa ubavuni, unafungua kifuniko cha pembeni mwa bloku unakuta springi na tapeti, zile zinazosukuma valvu juu, zimejipanga humo. Kibanio cha kawaida cha springi hakiingii kabisa. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea na kipande cha chuma cha springi ya lori, tukakikunja kikawa na umbo la C, juu kinakanyaga kichwa cha valvu, chini kina panda mbili za kuingia chini ya kikombe cha springi, na bolti ndefu ya kukaza. Alinichaji kama elfu kumi na tano. Kabla hujagusa springi hata moja, ziba kwa matambara matundu yote ya kushukia oili humo chumbani! Vile vikufuli viwili vidogo vinavyoshika valvu vikichomoka vinakimbilia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kama sampu imeshafungwa utalia. Wakati wa kurudisha, paka grisi nzito kwenye shina la valvu, vikufuli vinaganda hapo kama vimegundishwa, unaachia kibanio taratibu.

Kusaga valvu nilisaga kwa mkono, pesti na kijiti cha mpira, mpaka viganja vikawaka moto. Kujua kama imekaa chora mistari ya penseli kuzunguka kiti chote, weka valvu, zungusha robo, toa. Mistari yote ikikatika imekaa. Mmoja ukibaki mzima rudia.

Bloku nikaipakia kwenye buti ya basi mpaka Dar, konda akanitoza kama abiria mzima na mzigo wake, nikaipeleka Gerezani, kule kwenye mafundi wengi wa magari. Fundi wa kwanza, bila hata kupima, akasema hii ni kutia slivu, yaani kuta mpya ndani ya silinda, zote nne. Nikabeba bloku yangu mpaka kwa mzee mmoja mchongaji upande wa ndani, yule akachukua maikromita akapima juu, katikati, chini, upande huu na upande ule, akaandika kwenye kikaratasi. Kipenyo cha asili ni inchi 3.125. Akasema hii inakubali ovasaizi 30, yaani kuipanua kwa inchi 0.030 tu, slivu ya nini? Na ndivyo alivyofanya, akasaga na krenki, akaniandikia saizi ya beringi za kuagiza. Mimi nasema fundi asiyepima usimwachie chuma chako, hata awe na mashine mpya kiasi gani. Piston, ringi, beringi na gasketi niliagizia Marekani kupitia shemeji yangu, bado zinauzwa mpya na India nazo zipo. Zile spea na usafiri zilikula kama milioni mbili na ushee, kuchonga kote haikufika laki tano. Kwa hiyo bei ilizidi ya mtumba wa Toyota, sawa, lakini sikukata fremu wala kugusa gia boksi.

Kufunga kulienda vizuri. Konrodi za injini hii, zile fimbo zinazounga piston na krenki, zimeegemea upande, ya kwanza haifanani na ya pili, na kila moja ina tundu dogo la kurusha oili lenye upande wake, ndiyo maana nilizipiga alama kabla ya kuzitoa na kuzipiga picha. Nafasi ya tapeti za CJ-3A ni inchi 0.016 injini ikiwa baridi, na spana za kawaida ni nene mno hazipiti, nikasaga mbili zikawa nyembamba.

Kwenye gasketi ya hedi nikaambiwa nipake silikoni. Usipake! Inajikunja inaenda kuziba njia za maji. Niliipulizia rangi ya fedha pande zote nyembamba, nikafunga kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu, mpaka nguvu ya kukaza ya futi-pauni 60 hadi 65, na baada ya injini kupata moto na kupoa nikarudia kukaza.

Halafu themostati. Kila mtu hapa anaitoa, eti nchi yetu ina joto. Injini ikitembea baridi petroli haiwaki yote, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na mvuke wa maji unabaki kwenye sampu unageuka uji wa kahawia. Mie nilikuwa nimetoka kulipia silinda nne mpya, sikubali ziliwe kwa ushauri wa kijiweni. Niliweka themostati mpya, nikazibua rejeta, na maji hayachemki. Kilichokuwa kinachemsha ni gasketi na rejeta iliyoziba.

Siku ya kuwasha niliizungusha kwanza bila plagi mpaka geji ya oili ikapanda, ndipo nikaweka plagi na petroli. Ikashika mara ya pili! Moshi kidogo wa oili niliyopaka, kisha ikatulia, ile sauti ya polepole ya kishindo ambayo wazee wa hapa waliitambua kabla hawajaliona gari. Babu aliletewa kiti akakaa karibu na bampa, akasema plagi ya tatu naisikia haijakaza. Nikaangalia, kweli.

Baada ya kuitembeza taratibu kwanza, nikaipandisha Amani. Anayeijua ile barabara kutoka Muheza kwenda Amani anajua kona zake na tope lake, gia ya pili muda mrefu, na sindano ya maji haikuondoka mahali pake. Sili ya nyuma ya krenki bado inadondosha tone moja moja, hilo ni la asili la injini hizi na nitalishughulikia nikifungua klachi. Sasa hivi nipo kwenye breki. Kile kibanio cha springi kipo kimening'inia ukutani, na kwa hapa Muheza na Tanga yote mwenye hedi bapa ya aina yoyote aje akichukue, ila akirudishe kikiwa kimepakwa grisi.