Kifusi

"Ami, hichi kifusi tukizoe?"

Tangu Jumatatu maneno hayo hayajanitoka. Harusi ya Mwanaisha imepita salama, wageni wa Pemba washarudi kwao, na mimi bado namuona yule mtoto uwandani, kashika chepeo. Kifusi!

Lile ni tanuu la chokaa. Kwangua majani uone duara: udongo ulioiva ukawa mwekundu kama chungu, juu yake chokaa iliyogandana na vipande vya makaa. Matanuu yetu hayakuwa na kuta. Magogo ya minazi yalipangwa mviringo, mazito chini, katikati pakaachwa tundu kama la kisima. Mawe ya matumbawe yakarundikwa juu. Moto ulitiwa kwa tundu lile, ukashika kutoka ndani. Jiwe linataka joto la nyuzi 900 hivi, tena lidumu, mpaka hewa iliyofungwa mwilini mwake itoke. Kilo 100 za jiwe safi zikiiva sawasawa hubaki kilo 56, ndiyo maana kwa mkono tu utajua: jiwe lililobaki zito bado bichi. Baadaye huzimwa kwa maji, likachemka, likapasuka, likawa unga. Hapo pataka subira. Punje isiyozimika ikiingia ukutani, huja kufura humo humo na lipu ikabanduka.

"Ya nini, ami? Saruji si ipo?"

Hapo ndipo paliponichoma. Saruji ipo, na kuta za mawe za Mji Mkongwe zimeshaionja: unyevu unafungika ndani, chumvi inakosa pa kutokea, jiwe linamung'unyika nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Chokaa huuachia unyevu ukatoka.

Leo alasiri nimemkuta tena pale, peke yake, chepeo hana. Kavunja mawe mawili. La upande wa kaskazini jeupe mpaka ndani, linamenyeka kwa kidole. La kusini limeiva ganda tu, kiini kigumu vile vile.

"Ami, moto ulielemea huku. Walichoma wakati wa kusi?"

Wakati wa kusi, na upepo wake wa kutoka kusini uliwashinda. Nimemwambia ayarudishe mawe yote mawili pale pale alipoyatoa, kila moja upande wake. Kayarudisha taratibu, kama mayai.