Kusia nyanya Julai, Njombe ikiwa bado na baridi

Hapa Njombe, Julai ni mwezi wa makoti mazito, na zipo alfajiri ambazo mabonde huamka meupe kwa sakitu. Hata hivyo, ndio mwezi ninaosia nyanya. Mvua zetu huanza Novemba, nazo zikikutana na ubaridi wa huku huleta bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kuteketeza shamba zima kwa siku chache. Anayesubiri joto la Oktoba ndipo asie mbegu, Januari itamkuta na maua huku mvua imeshika kasi.

Mwaka juzi nilisia kwenye tuta la nje. Wiki tatu zilipita bila chochote kuchomoza, na nilipofukua kwa ukucha nilikuta mbegu nyingine zimeoza na nyingine ziko vilevile nilivyozifukia. Nilidhani nimeuziwa mbegu mbovu, kumbe udongo ndio ulikuwa wa baridi mno: kwenye nyuzijoto 10 mbegu ya nyanya inaweza kukaa zaidi ya mwezi kabla ya kuota, ilhali kwenye nyuzijoto 25 huota ndani ya wiki moja hivi. Tangu hapo trei zangu hukaa jikoni, karibu na jiko la kuni, zikiwa zimefunikwa kwa nailoni.

Mche wa kwanza unapochomoza ukiwa umejikunja kama ndoana, trei hutoka siku hiyohiyo, kwa kuwa joto bila mwanga huifanya miche irefuke na kulegea. Mchana hukaa kwenye kibanda cha nailoni kinachopigwa na jua, na usiku hurudi ndani. Namwagilia asubuhi tu, kwani udongo uliolowa usiku wa baridi hukaribisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la miche michanga. Majani yakigeuka zambarau kwa chini sikimbilii mbolea. Mara nyingi ni baridi inayozuia mizizi kufyonza fosforasi, na joto likirudi, majani mapya hutoka ya kijani.

Katikati ya Septemba, baada ya miche kuzoeshwa kulala nje kwa wiki nzima, naihamishia shambani na kufukia shina hadi karibu na majani ya chini, maana sehemu iliyofukiwa hutoa mizizi mipya. Mwaka jana nilichuma tenga la kwanza mapema Desemba, majani ya chini yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kuonyesha madoa.